Naomba ushauri: kibonzo changu kimemuumiza mtu ninayempenda

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikichora vibonzo vya mtandaoni kuhusu maisha ya Kisumu. Majuzi nilimchora mama muuza samaki wa soko la Kibuye akiapa kwamba ngege wake wametoka ziwani usiku uliopita, ilhali katoni iliyo nyuma yake ina maandishi ya Kichina. Wengi walicheka, lakini mama mmoja ambaye familia yetu imenunua samaki kwake tangu nikiwa mtoto aliniambia kwa upole kwamba nimewafanya wote waonekane matapeli, na maneno hayo hayajanitoka moyoni.

Nilimwomba radhi, nikakiondoa kibonzo hicho, kisha nikachora kingine kinachowalenga waagizaji wakubwa wa samaki. Hicho kikawa mahubiri matupu. Kwetu bibi humtania mjukuu kwa maneno makali na hakuna anayenuna, kwa kuwa upendo unajulikana na mjukuu naye ana ruhusa ya kujibu. Mama wa sokoni hana kalamu ya kunijibu, na msomaji wa mbali hajui kwamba nampenda. Hapo ndipo ninapokwama.

Je, upendo wa mchoraji unaweza kuonekana ndani ya kibonzo chenyewe, na kwa mbinu gani? Na je, mnaona ni sahihi kumwonyesha mhusika rasimu kabla ya kuchapisha, au kufanya hivyo kutaiua kejeli?