Naomba ushauri: kampuni ya "ubunifu" Arusha, nitajuaje kama inanifaa?

Wakuu, habari zenu. Nina ofa kwenye kampuni changa ya programu za utalii, Njiro. Wanasema kwao hakuna ubosi, kila mtu ajaribu mambo mapya. Sawa, ila maneno hayo siku hizi kila tangazo la kazi linayo. Ninachotaka kujua ni jaribio likifeli lawama anabeba nani, na fedha anaidhinisha nani. Pasipo na bosi anayejulikana, maamuzi huishia kwa maswahiba wa mwenye kampuni.

Nafikiria kuomba nikae kwenye kikao chao kimoja, nione kama kijana wa chini anaweza kumpinga mkubwa na mjadala ukaendelea. Inatosha?

Halafu muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mkataba wao umeandika tu "muda unabadilika". Tena ukiwa hujafikisha miezi 6 kazini, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki huna, na hapa Moshi nina ajira ya kudumu.

Mnaozijua ofisi za hivi, niwabane kwenye lipi kabla ya kusaini?