Kupanda boti ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: tupeane uzoefu (Kisumu, Naivasha na kwingineko)

NyarNam:
Wenzangu, hamjambo. Natumia kiti cha magurudumu tangu 2016, boda iliponimwaga nikaumia uti wa mgongo. Nimezaliwa karibu na ziwa hadi usiku tulikuwa tukisikia viboko wakikoroma, lakini ilinichukua miaka saba kurudi majini.

Jumapili hiyo dada zangu walinipeleka ufuo mmoja huku Kisumu. Tuktuk ilinifikisha vizuri, ngege tukala, mambo shwari. Kasheshe ikaja kwenye zile mita mbili za mwisho, kati ya mchanga na boti. Sijafungua mdomo, vijana wawili wameshaninyanyua, mmoja kwapani, mwingine magotini, wananipitisha juu kama gunia la omena. Sketi imepanda, watu wameshika simu. Wakanikalisha sakafuni "ndio uwe salama, madam". Salama nilikuwa, ila viboko sikuwaona. Ubavu wa boti ulinifika machoni. Wenzangu wanapiga kelele "ona yule! ona mtoto wake!", mimi naona mawingu na viatu vya shemeji.

Pole zenu nimeshazipokea, asanteni. Nataka kujua nyinyi mlipandaje, mlikaa wapi, na safari ijayo mtabeba nini.

Mwalimu_wa_Naivasha:
Dada, viatu vya shemeji vimeniua.

Mimi nilipata polio utotoni, natumia kiti na magongo. Huku kwetu balaa ilikuwa ziwa lenyewe kupanda. Mwaka 2020 maji yaliingia hadi kwenye nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na hadi leo boti hupita katikati ya migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini, tai wamekaa juu. Gati la simenti nililolizoea lilimezwa. Lililofuata lilitengenezwa kwa mbao juu ya mapipa ya plastiki, na hilo ndilo lililonifungua macho: ziwa likipanda nalo linapanda, likishuka linashuka, kwa hiyo kimo kati ya gati na boti hakibadiliki sana. Gati lililojengwa mwezi huu liko sawa na boti, mwezi ujao liko chini ya maji au limekuacha juu kama dirishani.

Sasa nikipiga simu kuulizia bei, swali la kwanza ni: gati lenu linaelea au limejengwa? Ukijibiwa "usijali mwalimu, vijana wapo", jua gati hakuna.

Angalia pia kile kidaraja cha kutoka nchi kavu kwenda kwenye gati. Maji yakipungua kinainama mno. Kushuka utashuka, kupanda wakati wa kurudi ndiyo kazi.

Mama_Pacha:
Mmoja wa pacha wangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka tisa, shingo yake haijakaza. Jaketi la kuokolea tulilopewa lilikuwa la mtu mzima, sponji nene nyuma ya shingo, likamsukuma kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Mtoto hapumui vizuri na hata hatujaondoka! Tukashuka. Siku hizi namvalisha jaketi nchi kavu kwanza, akae nalo dakika kumi, ndipo nilipe.

Kuhusu kuona nje: fundi wa mtaani alinikatia miguu ya kiti cha plastiki, ikabaki kama kiganja kimoja. Kiti kinafungwa kamba kwenye mbao za boti. Kiti, jamani, SI MTOTO. Mtoto hafungwi kwenye kitu chochote, boti ikipinduka atazama nacho. Mimi hukaa nyuma yake nikimshikilia. Aliona masikio ya kiboko akacheka hadi akapaliwa.

Jakom_wa_Boti:
Naendesha boti ufuo wa Dunga, huku Kisumu. Niwatetee vijana kidogo. Boti inayumba, na mbebaji anayesitasita ndiye anayemwangusha mteja. Ndiyo maana wanabeba mbio. Lakini kutouliza ni kosa, hapo sina utetezi. Mteja mmoja mama alinigombeza mbele ya ufuo mzima, nikaenda kwa seremala: ubao wa mita mbili na nusu, vipande vya mbao vimepigiliwa pembeni ili gurudumu lisiteleze. Mmoja anashika boti mbele, mmoja nyuma, kiti kinapanda kinyumenyume polepole. Kiti cha betri siwezi, kimoja kinaweza kupita kilo 100. Njoo na cha kukunja.

Na msije alasiri! Upepo wa ziwa hukaza mchana. Saa moja hadi saa tatu asubuhi maji yametulia na viboko wamesharudi kutoka malishoni. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu magugu maji yanaweza kufunga ufuo usiku mmoja.

NyarNam:
Huyo mama aliyekugombeza nampenda na sijamjua.

Wakili_Mtarajiwa:
Katiba ya Kenya ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mnaomba nini? Dai!

Mwalimu_wa_Naivasha:
Tunadai, kijana. Ila Jumamosi hii nataka ubao.

Mzee_Kiti:
Nimechelewa, nilikuwa shambani. Mimi niko kwenye kiti mwaka wa ishirini na mbili, nawaambia yale yasiyosemwa mbele za watu.

Usiache kunywa maji eti kwa kuogopa mkojo. Nilifanya hivyo, nikarudi na homa ya njia ya mkojo. Panga mpira wako wa mkojo au mfuko wake kabla ya kupanda, basi. Beba mto wako wa kukalia, usikubali ubao mtupu hata kwa saa moja: mimi nilipata kidonda cha makalio kilichonilaza miezi minne. Vaa viatu vya kufunika, maana mguu usiohisi unaweza kukwaruzwa na msumari wa boti hadi mfike bila wewe kujua. Usiutumbukize majini pia, ziwa letu lina kichocho. Na sisi tulioumia juu mgongoni hatutoki jasho sawasawa, jua linatupika. Kofia na kitambaa kilicholoweshwa.

Halafu mwenye kubebwa ndiye anayehesabu. Mimi huwaambia vijana: "Nikisema tatu." Nisiposema, hakuna anayenigusa.

NyarNam:
Mzee, hiyo ya kuhesabu naichukua leo leo.

Jakom, Jumamosi saa moja asubuhi. Nakuja na kiti cha kukunja na mto wangu, na shemeji anabaki nyumbani. Ubao uwe mkavu.

Jakom_wa_Boti:
Uko chini ya mti tangu jana, madam.