Atomi za baridi zinapimaje graviti? Wa fizikia njooni

Mwl_Kiboriloni
Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia advance hapa Moshi, leo dogo mmoja wa form six kaniuliza hivi, mwalimu si umesema atomi ni wimbi, sasa wimbi ukilidondosha linaangukaje? Darasa zima kimya wananiangalia mimi. Najua kuna watu wanapoza atomi kwa leza halafu wanaziachia zianguke. Kwa nini lazima ziwe za baridi, na hao jamaa wameshathibitisha graviti yenyewe ni ya kwanta, yaani inafuata sheria zile zile za chembe ndogo, au bado? Hesabu nzito hapana, nataka cha kumwambia kesho.

Fundi_Leza_Sakina
Shikamoo mwalimu, kama tuko rika moja basi mambo vipi.

Baridi ni kwa ajili ya spidi. Atomi ya rubidi kwenye joto la chumba inakimbia karibu mita 300 kwa sekunde, hujakaa sawa ishagonga ukuta wa chombo. Kwa hiyo wanaipiga leza kutoka kila upande, na leza yenyewe frikwensi yake wameishusha kidogo ili atomi inayoijia uso kwa uso ndo imeze fotoni (punje ya mwanga) na kusukumwa nyuma. Fotoni moja inaipunguzia kama milimita 6 kwa sekunde tu, kwa hiyo zinaenda makumi ya maelfu, ila kufumba na kufumbua imetulia. Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips walipata Nobeli ya 1997 kwa mambo haya haya.

Ikishatulia wanaiachia ndani ya vakyumu na kuipiga leza mara tatu. Pigo la kwanza linaipitisha atomi ile ile moja njia mbili kwa wakati mmoja, la pili linazigeuza zirudiane, la tatu linazikutanisha, na pale mawimbi yanajazana au yanauana kutegemea graviti imeyachelewesha kiasi gani. Muda ukiongezeka mara mbili athari inakua mara nne, ndo maana chuo cha Stanford, Marekani, wana mnara wa mita 10, na 2015 walionyesha njia mbili za atomi zimeachana sentimita 54. Chukua rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 mwalimu, haifiki.

Kwa hiyo mwambie dogo linaanguka vizuri tu, na g (mchapuko wa graviti) inasomeka kwenye fezi ya wimbi, yaani wimbi limefika hatua gani ya kupanda na kushuka kwake.

Dada_wa_Njiro
Fundi umeruka waliotangulia. 1975 Marekani, Colella, Overhauser na Werner walifanya kwa nyutroni, walizungusha kifaa njia moja ikawa juu ya nyingine na mawimbi yakahama kama hesabu zilivyosema. Halafu 2002 kule Grenoble, Ufaransa, nyutroni za baridi sana zilipitishwa kwenye mwanya kati ya kioo bapa na kizuizi kilicho juu yake, ikaonekana hazikai kimo chochote tu, kimo cha chini kabisa ni kama mikromita 14, mwanya ukiwa mwembamba kuliko hapo karibu hakuna nyutroni inayopita. Mimi hii ndo naipenda kuliko zote. Sasa kuna watu wanaandaa mwale wa haidrojeni baridi wafanye hivyo hivyo, uzito wake karibu sawa na nyutroni ila huhitaji riakta kuipata.

Swali lako la pili, BADO. Kote huko dunia inavuta tu kama kawaida, cha kwanta ni kile kinachoanguka. 2017 Bose na wenzake, na pembeni Marletto na Vedral, walipendekeza uchukue vipunje viwili, kila kimoja kiwe sehemu mbili kwa wakati mmoja, uangalie kama graviti peke yake itavifungamanisha kikwanta, yaani hali ya kimoja isielezeke bila ya mwenzake. Vikifungamana, graviti haiwezi kuwa ya kizamani tupu. Ila ni kazi ngumu balaa, bado hakuna aliyefanikiwa.

Mangi_Pasua
Sawa wasomi, sisi wa huku inatusaidia nini? Au ni mnara wa kudondoshea hela?

Fundi_Leza_Sakina
@Mangi_Pasua 😂 2022 watu wa chuo cha Birmingham, Uingereza, waliona handaki chini ya barabara kwa atomi hizi bila kuchimba. Kifaa kingine kimewekwa volkano ya Etna kule Italia kusikilizia magma ikihama, na sisi Ol Doinyo Lengai tunayo hapo juu tu. Halafu kile kipimo cha Stanford cha 1999 kilifika uhakika wa sehemu 3 kati ya bilioni, maana yake ukikiinua sentimita moja tu kutoka mezani g inasomeka imepungua. Sasa fikiria upande nacho Kibo.

Mwl_Kiboriloni
Asanteni sana, dada hiyo ya kioo naanza nayo kesho. Halafu vijana wangu kwenye pendulamu wanapata 9.7, mwingine 9.5, wanasema eti tuko karibu na ikweta na mlima upo.

Dada_wa_Njiro
Hahaa wajanja hao. Ikweta ni 9.78, ncha za dunia 9.83, na kupanda mpaka kilele cha Kibo hakukushushi hata 0.02. Huyo wa 9.5 arudie kupima uzi, na aanzie katikati ya kile kijiwe sio kwenye fundo.