Naomba ushauri: ultrasaundi ya tumbo na nyonga siku moja, foleni ndefu

Wadau wa vipimo, naombeni mawazo. Mgonjwa akiandikiwa ultrasaundi ya tumbo la juu na ya nyonga kwa pamoja, maandalizi yanagongana. Ya juu inataka afunge masaa 6 hadi 8. Chai ya maziwa tu inatosha kusinyaza kifuko cha nyongo, na mawe madogo yakapita bila kuonekana. Ya nyonga inataka kibofu kilichojaa: amalize maji kama lita 1 saa moja kabla, asikojoe. Maji matupu hayana shida, ila wengi wakisikia "usile" wanaacha na maji. Wengine wanakuja na soda, balaa tupu, maana gesi inazuia mawimbi na kongosho halionekani kabisa.

Kinachonisumbua ni foleni. Aliyekunywa saa 2 asubuhi akiitwa saa 5, kibofu kimefura, na figo zinaweza kuonekana zimetanuka kumbe ni mkojo uliobanwa. Akikojoa kidogo na kurudiwa, mara nyingi zinatulia.

Je, mnawapa maji wakishafika mapokezi, au mnaanza na tumbo la juu, ndipo wanywe? Na mwenye kisukari anayechoma insulini, mnamtanguliza asubuhi au mnampangia siku yake?