Mabingwa wasiofungwa Ligi Kuu Bara: Simba 2009/10, Azam 2013/14 au Yanga 2021/22, nani alibeba kombe zito?

Kiti cha Orenji

Wakuu, habari za jioni. Juzi nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Yeye anasema bingwa asiyefungwa ni mmoja tu, Yanga ya Nabi, hao wengine ni hadithi za wazee. Nikamwambia subiri, nakwenda kuwaita wenye kumbukumbu zao.

Kwa vijana: miaka hii ya karibuni timu tatu zimechukua Ligi Kuu bila kupoteza hata mchezo mmoja.

Simba 2009/10, kocha Patrick Phiri. Mechi 22, kashinda 20, sare 2, pointi 62.
Azam 2013/14, alianza nayo Stewart Hall, akamalizia Joseph Omog. Mechi 26, kashinda 18, sare 8, pointi 62.
Yanga 2021/22, kocha Nasreddine Nabi. Mechi 30, kashinda 22, sare 8, pointi 74.

Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, sijifichi. Naanza na Yanga, kisha Simba, mkiani Azam. Sababu yangu ni kwamba Yanga alicheza mechi nyingi kuliko wote, na alimng'oa Simba aliyekuwa amekalia kiti miaka minne mfululizo. Nipingeni kwa hoja.

Mgosi wa Zamani

Mkuu, umeweka takwimu mwenyewe halafu hukuzisoma. Gawa pointi kwa mechi. Simba 2.82. Yanga 2.47. Azam 2.38. Simba alidondosha pointi 4 msimu mzima. Yanga alidondosha 16, na Azam 16. Halafu unampanga wa pili!

Tena tuje kwenye dabi, maana ndiyo mtihani wenyewe. Msimu ule Yanga alipigwa nje ndani, 1-0 Oktoba 2009, kisha 4-3 Aprili 2010. Nyie na kutofungwa kwenu kwa 2021/22 mlitoka na nini kwa Mnyama, yaani Simba? 0-0 Desemba, 0-0 Aprili. Dakika 180 na hamkumgusa.

Siku ya ile 4-3 nilikuwa uwanjani, jukwaa la mzunguko. Tegete wa Yanga akasawazisha mpira ukielekea kwisha, 3-3, na jamaa mmoja wa Yanga aliyekaa mbele yangu akavua shati, akalizungusha hewani, halafu akanigeukia ili anicheke vizuri. Hajalivaa, Hilary Echesa wa Simba akaweka la nne. Jamaa akaketi na shati mapajani, kifua wazi, hadi filimbi ya mwisho. Hakugeuka tena.

Kiti cha Orenji

Hilo shati nadhani lilikuwa la kaka yangu. Endeleeni.

Dada wa Jangwani

Mgosi, heshima yako, lakini hiyo ya kugawa ina mtego. Mechi 22 ni ligi ya timu 12. Ukifika mzunguko wa pili ukiwa na miguu mizima umeshamaliza kazi. Ongeza mechi 8 juu yake, safari za Bukoba, Mbeya na Kigoma, majeruhi, kadi, uone kama hizo sare 2 zingebaki 2.

Na mnasahau kitu kinachoitwa presha. Yanga hakuwa ameonja ubingwa tangu 2016/17. Simba yuko nyuma yake, ana makombe manne mfululizo, anasubiri ateleze tu. Ikaja ile wiki ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2022, suluhu tatu mfululizo: Simba, halafu Ruvu Shooting kule Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, halafu Prisons. Mechi tatu, bao hakuna. Mayele, mfungaji wetu aliyekuwa akishangilia mabao kwa kutetema kila wiki, akawa anatembea tu. Ile ya Kigoma niliitazama kwa simu nikiwa kwenye daladala, dakika za mwisho kila mpira uliokwenda kwa Ruvu kondakta alikuwa ananiuliza "vipi?", mimi nanyamaza. Timu nyepesi ingeanguka pale. Yanga hakuanguka, na mwisho Simba akawa wa pili na pointi 61.

Na msiseme ligi ilikuwa ya timu mbili. Mayele alifunga 16 na kiatu cha mfungaji bora bado kikaenda Geita Gold kwa George Mpole, mabao 17. Geita wenyewe wakamaliza nafasi ya nne.

Lambalamba

Nawaangalia tu mnavyogombana Simba na Yanga ndani ya Kariakoo kana kwamba Chamazi, nyumbani kwa Azam, haipo.

Azam kapanda daraja 2008. Miaka sita baadaye ni bingwa bila kufungwa. Hana wanachama, hana jengo la tangu enzi za mkoloni, hana uwanja mzima unaomwimbia. Simba na Yanga wakienda mkoani nusu ya jukwaa ni lao. Sisi tukienda mkoani ni ugenini, na tukija Taifa kucheza nao ni ugenini pia. Yanga msimu ule alilala 3-2 mzunguko wa kwanza, Simba akalala 2-1, Kipre Tchetche kafunga yote mawili. Sasa niambieni, nani kati ya hao wenu alilazimika kuwapiga WOTE wawili? Simba hawezi kujifunga mwenyewe, Yanga hali kadhalika. Bingwa anayetoka nje ya Kariakoo ana mechi nne za vigogo, wao wana mbili.

Mgosi wa Zamani

Hatimaye shabiki wa Azam amejitokeza. Mwenzako yuko wapi?

Lambalamba

Yuko kazini, tunapokezana zamu.

Mzee wa Sokoine

Vijana, salaam. Mimi sina timu kati ya hizo tatu, ni mtu wa Mbeya, kwa hiyo nisikilizeni bila kunitafutia jezi.

Ubingwa wa Azam ulikamilika mbele ya macho yangu. Aprili 13, 2014, Uwanja wa Sokoine, Mbeya City 1, Azam 2. Mnaoiita Azam ya msimu ule bingwa wa ligi dhaifu hamkumbuki Mbeya City ilikuwa mnyama wa aina gani. Ndiyo kwanza wamepanda, kocha Juma Mwambusi, na mji mzima umegeuka zambarau, hata wauza parachichi. Walimaliza wa tatu. Juu ya Simba! Kucheza Sokoine mwaka ule ilikuwa adhabu. Ukuta wa uwanja ulijaa watu kama kunguru kwenye waya.

Azam wakaja wakijua kwamba wakishinda wamemaliza kazi na mechi moja mkononi. Kilichonibaki kichwani ni utulivu wao. Mbeya City waliposawazisha uwanja ulitikisika, na mimi nilikuwa nashangilia kama mwehu, lakini nikamwona Sure Boy wa Azam akauchukua mpira wavuni mwake polepole, akautembeza hadi katikati, akaupanga chini kama mtu anayepanga kikombe kwenye sahani. Nikamwambia mwanangu, hawa leo tunafungwa. Tukafungwa.

Dada wa Jangwani

Shikamoo mzee. Hiyo ya Sure Boy umenikumbusha jambo. Salum Abubakar si ndiye aliyekuja kwetu dirisha dogo la 2021/22? Ina maana ana medali mbili za ubingwa bila kufungwa, ya Azam na ya Yanga, miaka minane katikati.

Mzee wa Sokoine

Marahaba binti. Ndiye huyohuyo. Mkitaka hakimu wa ubishi huu, wa kumwita ni yeye.

Lambalamba

Na yeye amelelewa wapi? Asanteni.

Halafu mkizungumzia rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa, mtaje na ilikoanzia. Ilianza baada ya Azam kuwafunga 1-0 Aprili 2021, bao la Prince Dube. Sisi ndio tuliowasha saa.

Fundi Kalamu

Nimesoma yote. Naona wote mnabishana ndani ya chumba kimoja na hakuna aliyefungua dirisha. Kwa nini kutofungwa ndicho kipimo?

Chukueni Yanga wenyewe. 2022/23 walifungwa mara mbili, wakapata pointi 78. 2023/24 walifungwa mara mbili tena, na Ihefu na Azam, wakamaliza na pointi 80, wameshinda 26. Msimu huohuo wakamchapa Simba 5-1 Novemba, wakarudi wakampiga 2-1 Aprili. Azam na Simba wakabaki nyuma na pointi 69 kila mmoja, Azam wa pili kwa tofauti ya mabao. Muulize Mwananchi yeyote leo akupe msimu mmoja wa kurudia, unadhani atachagua ule wa suluhu mbili na Simba kwa sababu tu hakufungwa? Atachagua ule wa tano.

Na nendeni upande wa pili. Simba 2024/25. Mechi 30, kashinda 25, sare 3, kafungwa 2. Pointi 78. Hizo ni pointi 4 zaidi ya Yanga wa 2021/22 ambaye tunamtungia mashairi. Simba akapata nini? Nafasi ya pili, maana Yanga alikuwa na 82. Na hizo mechi mbili alizofungwa zote ni za Yanga, 1-0 ya Oktoba na 2-0 ile dabi iliyoahirishwa Machi ikaja kuchezwa Juni 25. Ligi nzima iliyobaki haikumfunga Simba hata mara moja.

Kutofungwa kunakwambia timu haikuwa na siku mbaya kabisa. Hakukwambii ilikuwa na siku nzuri ngapi. Sare nane zinauma kuliko vipigo viwili: sare nane zinakula pointi 16, vipigo viwili vinakula 6.

Mgosi wa Zamani

Fundi umeniumiza na kunifurahisha ndani ya aya moja. Hiyo ya 2024/25 tuliizika, wewe umeifukua.

Lakini hoja yako inamwinua Simba wa 2009/10. Yeye alikuwa na vyote, hakufungwa na hakutoa sare ovyo. Mussa Hassan Mgosi alikuwa mfungaji bora, mabao 18. Mshambuliaji mzawa, jina la hapahapa.

Kiti cha Orenji

Nimekaa na karatasi. Nimejaribu kuitetea Yanga na kila njia inanirudisha kwenye zile sare nane.

Hoja ya Dada kuhusu urefu wa msimu naikubali nusu. Mechi 30 ni ngumu kuliko 22, kweli. Lakini kama Simba angeongezewa mechi 8 na akazitoa sare zote, bado angekuwa na pointi 70 kwa 30, bila kufungwa. Yaani ili Simba huyo ashuke chini ya Yanga bila kufungwa, ilibidi ashinde isiyozidi mechi moja kati ya hizo nane. Kwa kalamu yangu mwenyewe, na mkono unatetemeka, naandika Simba 2009/10 wa kwanza kwa uzito wa matokeo.

Azam namtoa mkiani. Lile la mechi nne za vigogo badala ya mbili sikuwahi kulifikiria, na sijapata jibu lake. Nilikuwa nawaona kama bingwa wa mwaka ambao Simba alilala hadi nafasi ya nne. Mzee wa Sokoine amenikumbusha kwamba nafasi ya tatu haikuachwa wazi, kuna mtu aliikalia.

Kwa hiyo Simba, Azam, Yanga. Shemeji asione huu uzi.

Dada wa Jangwani

Kaka, umetuuza kwa bei ya jumla! Yanga wa tatu? Bangala alikuwa mchezaji bora wa msimu akicheza beki leo, kiungo kesho, Diarra langoni anapiga pasi kama namba kumi, na wewe unatupeleka nyuma ya timu ambayo mashabiki wake wanapokezana zamu.

Mimi nabaki na Yanga namba moja, na sababu yangu si ya hesabu. Simba wa 2009/10 alikuwa anamkimbiza nani? Yanga alikuwa anamkimbiza bingwa wa miaka minne. Pointi huwezi kuzilinganisha bila kuangalia uso wa anayekufukuza.

Fundi Kalamu

Hiyo ndiyo hoja yako bora tangu asubuhi. Ungeanza nayo.

Lambalamba

Mimi nimeridhika na nafasi ya pili. Tumeizoea.

Mgosi wa Zamani

Swali moja la mwisho kwa ndugu zetu wa Jangwani, kwa upendo. Ile safari ya mechi 49 iliishia wapi vile?

Kiti cha Orenji

Mbarali. Ihefu 2, Yanga 1, Novemba 29, 2022.

Mgosi wa Zamani

Na msimu uliofuata mlipokwenda kulipiza?

Kiti cha Orenji

Ihefu 2, Yanga 1. Mkuu, uzi unahusu wasiofungwa. Ihefu kamfungulie wake.