Binti yangu ameshindwa swali la wanasesere wawili. Ina maana hana huruma? Naomba ushauri

Mama Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, ila wenye maneno makali wapite tu, leo sina nguvu.

Binti yangu ana miaka minane. Aligundulika ana usonji akiwa na mitano. Anaongea vizuri, vitabu anavimeza, lakini mambo ya watu yanampiga chenga. Wiki iliyopita nilisoma kuhusu jaribio la wanasesere, nikamfanyia mwenyewe nyumbani (najua, ningemwachia mtaalamu). Sally anaweka gololi kwenye kikapu, anatoka nje. Huku nyuma Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Mdogo wake wa miaka mitano akadakia, "Kwenye kikapu!" (ndilo jibu lenyewe, maana Sally hakuona ikihamishwa). Mkubwa akasema "kwenye boksi", halafu akaniangalia kama mtu aliyeulizwa upuuzi.

Usiku ule sikulala. Baba yake anasema ndiyo maana hana huruma: mdogo akianguka akalia, yeye yuko na kitabu chake. Lakini nilipofiwa na mama yangu, mtoto huyuhuyu alileta blanketi, akanifunika miguu, akaondoka bila neno. Sasa nishike lipi? Na kama hajui mwenzake anawaza nini, ataishije na watu?

Msomaji wa Usiku

Pole mama. Nasomea saikolojia, na hilo jaribio nimekutana nalo mpaka nimelichoka. Lilichapishwa 1985 na Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, wa Uingereza, wakifuata njia waliyoibuni Heinz Wimmer na Josef Perner miaka miwili kabla. Kulikuwa na watoto 20 wenye usonji, 16 wakakosea. Watoto wenye sindromu ya Down walikuwa 14, na 12 walipata. Ndipo likazaliwa lile dai kwamba mwenye usonji hawezi kukisia kilichomo kichwani mwa mwingine.

Watu huwasahau wale wanne waliopata. Kama usonji maana yake ni kutokuwa na uwezo huo kabisa, wao walipitia wapi? Mwaka 1995 Francesca Happé alionyesha kwamba kupata jibu kunakwenda sana na kiwango cha lugha, na kwamba watoto wenye usonji huwa wanahitaji lugha iliyokomaa zaidi kuliko wenzao ndipo walipate. Kwa hiyo wengi hufika, ila wamechelewa. Na kufika kwenyewe si mwisho wa habari: 2009 Atsushi Senju na wenzake waliwafuatilia macho watu wazima wenye Asperger (aina ya usonji isiyochelewesha lugha). Ukiwauliza, wanajibu vizuri. Lakini kwenye video, bila kuulizwa, macho yao hayakutangulia kwenda pale ambapo mhusika angetafuta. Kulifikiria jambo ukiwa umetulia ni kazi moja, kulinasa papo hapo katikati ya maongezi ni nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayowachosha.

Huruma haikupimwa popote hapo. Ni swali la gololi tu.

Nyundo

Mnawadekeza watoto. Zamani tulichapwa tukajua adabu, hizi usonji hazikuwepo.

Msomaji wa Usiku

Mkuu, daktari wa akili za watoto Leo Kanner aliwaelezea watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Tuendelee.

Mwalimu wa Ishara

Mimi nafundisha viziwi. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal waliwapa watoto viziwi swali la namna hiyohiyo. Wengi walikosea, takriban kama wale wenye usonji. Hawa ni watoto waliozaliwa na wazazi wanaosikia, wamekua nyumbani ambako hakuna lugha ya ishara ya kutosha. Baadaye ikaonekana viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, waliooneshwa ishara tangu wachanga, hawana shida hiyo. Yaani mtoto asiyepata maongezi ya "alidhani", "alisahau", "hakujua" anachelewa kulipata swali hili. Sijawahi kusikia mtu akisema viziwi hawana huruma.

Halafu mama, uliuliza kwa maneno gani hasa? Huyohuyo Siegal na Karen Beattie, mwaka 1991, walibadilisha swali kidogo tu kwa watoto wa miaka mitatu, wakauliza ataitafuta wapi *kwanza*, na waliopata wakaongezeka. Ukisema "ataitafuta wapi", mtoto anaweza kusikia "aende wapi aipate".

Kimya Kingi

Nina usonji, ni mtu mzima. Nawasoma tu siku zote, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mwenzangu kazini aliwahi kuniambia "tutaonana baadaye", nikamngoja saa nzima. Walicheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aseme kitu asichokimaanisha. Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mimi nakusoma vibaya, na wewe pia unanisoma vibaya, ila lawama zote zinaangukia kwangu. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake waliwaonesha watu vipande vifupi vya wenye usonji wakijieleza. Waliowaona au kuwasikia mara moja waliwapa alama za chini kuliko wasio na usonji. Waliopewa maneno matupu kwenye karatasi, ile tofauti ikapotea.

Kuhusu mdogo kulia: mimi mtu akilia karibu yangu, mwili unaganda. Nahisi kupita kiasi na sijui mkono niuweke wapi, kwa hiyo naangalia pengine. Kwa nje inafanana na kutojali. Blanketi lile, mama, mimi nalielewa kabisa.

Mama Wawili

Nimerudi. Nimesoma jibu la Kimya Kingi mara tatu, na baba yao nimempa asome.

Leo nimemuuliza tena binti, mara hii nikatia "kwanza". Akasema, "Kikapuni. Haioni. Halafu anaenda kwenye boksi. Siku ile hukusema kwanza, nikakupa mwisho."

Msomaji wa Usiku

Hahaha! Ila angalizo, amelisikia mara ya pili, hicho si kipimo tena. Usikitumie kufuta wala kuthibitisha chochote.

Mama Wawili

Sawa mkuu, nimekuelewa. Nikamuuliza pia kuhusu mdogo wake akianguka. Akaniambia, "Sijui anataka nimguse au nisimguse." Tumekubaliana awe anamuuliza: nikusaidie au nikuache? Jioni mdogo kajigonga mlangoni, mkubwa akaweka kitabu chini, akauliza vilevile nilivyomfundisha, neno kwa neno. Mdogo akaacha kulia, akafikiri, akasema, "Nipe hicho kitabu."

Hakumpa.