Mjadala: Je, ilikuwa halali kuubomoa Mnara wa Wafrank kule Acropolis?

Wapo wanaoshikilia kwamba Wagiriki walifanya vyema, katika miaka ya 1870, kuubomoa mnara wa ulinzi uliosimama kando ya Propylaia, lango kuu la kilima cha Acropolis mjini Athens, kwa kuwa ulijengwa na wavamizi na uliziba sura ya majengo ya kale. Mimi napinga.

Mnara huo ulikuwa wa mraba, wenye kimo cha takriban mita 26, na mawe yake mengi yalitoka kwenye majengo ya kale. Waliojenga ni Wafrank, yaani watawala kutoka Ulaya Magharibi walioishika Athens baada ya Vita vya Nne vya Msalaba, mwaka 1204. Ni watawala wepi hasa? Wengine huutaja ukoo wa de la Roche wa karne ya 13, wengine ukoo wa Acciaiuoli, ulioutwaa mji mwaka 1388. Ubishi huo haumaliziki kwa sababu shahidi mwenyewe, yaani jengo, aliondolewa kabla hajahojiwa. Gharama za kuubomoa alizitoa Heinrich Schliemann, mchimbaji wa magofu ya Troy, mji wa kale unaosimuliwa katika tenzi za Homer, mshairi wa Kigiriki. Waliosoma jinsi alivyoyapasua matabaka ya juu kule Troy ili aufikie mji huo wa tenzi hawatashangaa.

Hoja ya wavamizi ina kasoro. Odysseas Androutsos, kamanda wa vita vya uhuru wa Ugiriki, alifungwa katika mnara huo na kuuawa mwaka 1825, tena mikononi mwa Wagiriki wenzake; basi kuta zile zilikwisha kuwa sehemu ya historia yao, hata kama ni sehemu chungu.

Hoja ya sura ya kale nayo haisimami. Hekalu la Athena Nike, lililotazamana na mnara, lilivunjwa na Waosmani, watawala wa Kituruki, katika karne ya 17 ili mawe yake yajenge ngome ya mizinga, na likaunganishwa upya katika miaka ya 1830. Kwa hiyo mandhari inayosifiwa leo ni chaguo la karne ya 19 kuhusu kipi kibaki na kipi kiondoke.

Sidai mnara ujengwe tena, maana huo ungekuwa mwigo tu wa picha zilizobaki. Ninachowauliza wanaotetea ubomoaji ni hiki: ikiwa alama ya mtawala mgeni ilistahili kuondolewa, mbona nguzo pana iliyobeba sanamu ya Agrippa, jemadari wa Kirumi, ingali imesimama mbele ya lango lile lile?